CG125 ya Papa imelala miaka tisa depo: niifufue, nibadilishe injini, au niuze?

Swali: Papa yangu marehemu aliniachia Honda CG125 ya miaka ya 1980. Imelala depo nyumbani, Nguba hapa Bukavu, miaka tisa sasa. Kiki haishuki hata kidogo. Fundi wa jirani anasema injini ya zamani hivi haina vipuri tena, nimpe pesa aing'oe aweke mpya ya Kichina. Mjomba naye anasema niuze chuma hicho, ninunue moja ya zile pikipiki mpya zenye sura ya zamani. Mimi nataka kupanda nayo Kadutu, kutembea Jumapili, mara mojamoja kufika Kavumu. Nianzie wapi?

Jibu:

Ndugu, injini usiing'oe. Kiki kukataa kushuka baada ya miaka tisa hakumaanishi injini imekufa. Mara nyingi ni segma, zile ringi za pistoni, zimeshikana na ukuta wa silinda kwa kutu nyembamba, na hiyo huachia kwa mafuta na subira. Habari ya vipuri nayo ni kinyume kabisa. Katika pikipiki zote za zamani ambazo Papa angeweza kukuachia, hii ndiyo yenye vipuri vya karibu kuliko zote.

Honda waliitoa CG125 katikati ya miaka ya 1970 kwa ajili ya nchi ambako pikipiki ni chombo cha kazi: hubeba mizigo, hucheleweshewa oili na hufunguliwa kando ya barabara. Kwa hiyo shafti ya kamu, ile inayofungua valvu, hawakuiweka juu kichwani, mahali ambapo oili chafu au pungufu huiua haraka. Waliiweka chini, wakaiendesha kwa gia badala ya cheni, na nundu moja tu ya kamu ndiyo inayosukuma fito zote mbili, ya valvu ya kuingiza na ya kutoa. Vya kulika ni vichache. Viwanda vya China viliiiga kwa wingi, na bado vinaiiga. Itazame hiyo injini mpya unayouziwa: pengine ubavuni pamepigwa 156FMI. 1 ni silinda moja, 56 ni upana wa silinda kwa milimita, F inapozwa na hewa, M ni ya pikipiki, I ni kundi la ujazo wa 125. Kama ndiyo hiyo, basi mara nyingi ni CG. Fundi anataka utoe ya asili uweke nakala yake, na sina shaka anajua injini ya asili ikishatoka itakwenda wapi.

Kwa hiyo kanuni ya kazi yote ni hii. Vinavyolika nunua vya Kichina bila aibu: segma, gasketi, sahani za klachi, kebo, cheni, pedi za breki. Vyuma vikubwa vya Honda vibaki: krank (shafti kuu ya injini), kichwa cha silinda, gia na kesi ya injini. Chuma cha zamani kilipikwa vizuri zaidi, na gia za nakala za bei ya chini huanza kuruka mapema, hasa ya pili, ambayo kwenye milima yetu ndiyo inayofanya kazi kuliko zote.

Ukienda kwenye maduka ya vipuri upande wa soko la Kadutu, taja "CG" na uende na kipuri cha zamani mkononi. Boxer na TVS zinazobeba watu mjini zina injini nyingine, kamu yake iko juu, na vitu vyake vya ndani haviingii kwako hata vikifanana kwa macho. Silinda ya CG ya asili ina upana wa milimita 56.5 na pistoni hutembea milimita 49.5. Pima kwa kaliparo kabla ya kutoa pesa, kwa sababu muuzaji akikosa saizi yako atakupa iliyo karibu na kusema "inaingia".

Kuna sababu nyingine ya kutobadilisha injini, nayo ni karte roze, kadi ya usajili wa pikipiki. Namba ya chesisi imepigwa kwenye shingo ya usukani, ya injini kwenye kesi. Futa uchafu, zisome zote mbili, uzilinganishe na karatasi za Papa. Injini ikibadilishwa, siku ya kuulizwa barabarani mzigo wa kueleza ni wako. Na kama karatasi bado ziko kwa jina la marehemu, anza shughuli ya kubadilisha jina sasa hivi, sambamba na kazi ya fundi. Karatasi huchukua muda kuliko kutu.

Ushauri wa mjomba si wa kijinga. Royal Enfield Classic 350 ya sasa, kwa mfano, ina sura ya zamani lakini ndani ni ya leo: breki za diski, esansi inapuliziwa kwa kompyuta, na kompyuta hiyo hupima hewa yenyewe, haisumbuliwi na urefu wa Bukavu. Lakini ina uzito wa kilo 195, karibu mara mbili ya CG yako. Kwenye kona ya mteremko wenye matope, ukiwa umesimama na mguu mmoja tu unagusa chini, hizo kilo utazihesabu. Tena sensa au pampu yake ya esansi huwezi kuitafuta Kadutu saa kumi jioni. Kama unataka pikipiki ya kila siku ya kwenda mbali, na pesa ipo, sikiliza mjomba. Kwa matembezi uliyoyataja, CG inatosha na inabaki.

Kuifungua injini iliyoshikana

Usimwite kijana mwenye nguvu aje kurukia kiki. Meno ya shafti ya kiki huvunjika, na kuyabadilisha ni kupasua kesi nzima. Anza kwa kusafisha eneo linalozunguka buji (plagi ya cheche) kwa brashi na kupuliza, ili mchanga usiangukie ndani, ndipo uitoe buji. Fungua pia kifuniko cha juu cha kichwa cha silinda. Hatua hii wengi huiruka. Valvu nazo zinaweza kuwa zimeshika kwenye njia zake, na ukilazimisha injini kuzunguka valvu ikiwa imekwama, fimbo yake itapinda. Dondoshea oili nyembamba kwenye shina za valvu, kisha gongagonga kidogo juu ya shina kwa mpini wa bisibisi. Inatakiwa ishuke na kurudi yenyewe kwa springi.

Changanya oili ya injini na mazutu (dizeli) nusu kwa nusu, mimina kama mililita 20 kwenye tundu la buji, uache siku mbili au tatu. Ukiona imenywewa, ongeza. Kisha weka gia ya juu kabisa, inua pikipiki kwenye stendi ya katikati, na kwa mikono utikise gurudumu la nyuma mbele na nyuma, taratibu. Gia ya juu hupitisha nguvu polepole hadi kwenye krank bila kuumiza kitu. Likisogea hata sentimita moja, umeshinda. Rudia, ongeza mchanganyiko, hadi izunguke mzunguko mzima.

Wiki ikipita bila kusogea, kichwa na silinda vitoke. Kwa CG ni kazi ya asubuhi moja: nati nne, fito mbili, silinda inapanda. Nati zilegezwe kidogokidogo kwa kukingamanisha, na wakati wa kufunga vivyo hivyo, la sivyo kichwa kitapinda na gasketi itavuja oili milele. Mistari ya kutu ikisikika kwa ukucha ndani ya silinda, silinda ichongwe na pistoni ya saizi ya juu inunuliwe. Madoa yasiyosikika kwa ukucha yapitishe jiwe la kung'arisha, weka segma mpya, inatosha.

Ikishazunguka, mwaga oili yote. Ikitoka ya rangi ya maziwa, ni maji ya unyevu wa miaka. Mimina nusu lita ya oili ya bei nafuu, zungusha kwa mkono, imwage nayo, ndipo uweke ya kweli: kama lita 0.9, 10W-40 au 20W-50, na kwenye chupa pawe pameandikwa JASO MA, alama ya oili ya pikipiki. Kwa kuwa klachi inaogelea kwenye oili hiyohiyo, oili ya gari yenye dawa za kupunguza msuguano itaifanya iteleze, na kwenye mlima ndiko utakapojua. Kijiti cha kupimia kikae juu ya tundu bila kukizungusha.

CG haina filta ya karatasi. Uchafu mdogo hukusanywa na kikombe kinachozunguka mwishoni mwa krank, nyuma ya kifuniko cha kulia. Ndani yake utakuta tope jeusi gumu, la miaka yote ambayo Papa aliendesha bila mtu kukifungua. Likwangue lote. Kifuniko kikiwa wazi, tazama sahani za klachi: zikiwa zimegandana, zibandue kwa bisibisi bapa, zioshe kwa oili, uzirudishe. Gasketi ya kifuniko hicho nunua mpya. Ya zamani haitoki nzima, na gundi nyingi ya silikoni si dawa, kwa sababu vipande vyake hudondoka na kuziba njia za oili.

Tangi na kabureta

Hapa ndipo pikipiki nyingi zilizofufuliwa hufa tena mwezi wa kwanza. Watu husafisha kabureta, inawaka, wanashangilia, kisha baada ya siku tatu inazimika. Kutu ya tangi imeshuka tena. Tangi kwanza, kabureta baadaye.

Toa tangi, ondoa robineti, ziba tundu kwa kizibo cha mpira. Mwaga esansi ya zamani mbali na jiko na sigara. Weka ndani kipande cha cheni ya baiskeli kilichofungwa kamba ili kitoke tena, tikisa kila upande, mwaga vumbi. Kisha asidi ya limau, ile ya unga: gramu 50 hadi 100 kwa kila lita ya maji ya uvuguvugu, jaza hadi shingoni, acha usiku mzima. Usipoipata, siki nyeupe nayo hufanya kazi, ila uipe siku mbili. Ukimulika tochi ndani uone chuma cha kijivu, mwaga, suuza, halafu suuza tena na maji yenye bikabonati, vijiko vitatu vya chakula kwa lita, ili kuua asidi iliyobaki. Kausha upesi juani au kwa kipuliza hewa ya moto. Chuma kilicho wazi huanza kupata kutu ndani ya saa chache, na hewa ya ziwani haisaidii. Kikishakauka, tia glasi ya esansi iliyochanganywa na oili kidogo, zungusha ipake kila mahali. Tangi likipitisha matundu baada ya kusafishwa, kutu ilikuwa ndiyo inayolishikilia. Mchomeleaji mzoefu alizibe, na alijaze maji kwanza, abakize sehemu ndogo tu ya hewa pale anapochomelea. Tangi tupu lenye mvuke wa esansi ni bomu, si mfano wa maneno.

Kabureta ifunguliwe juu ya sinia jeupe ili usipoteze vitu vidogo. Ndani kuna jikleri mbili, vile vipande vya shaba vyenye tundu la kupimia esansi: kubwa ya mwendo na ndogo ya silensi, yaani injini ikizunguka polepole bila kuongezewa mafuta. Ile ndogo ndiyo iliyoziba, karibu kila mara. Usiitoboe kwa waya wa chuma wala sindano, tundu litapanuka na kipimo kitakuwa kimekufa. Chomoa uzi mmoja wa shaba kwenye waya wa umeme, upitishe taratibu, kisha puliza hewa. Elekeza tundu kwenye mwanga wa dirisha: uone duara safi, si mwezi nusu. Badilisha sindano ya boya na gasketi ya bakuli. Seti ya matengenezo ya CG huwa navyo vyote pamoja.

Wapo watakaokushauri kutupa kabureta hiyo na kuweka PZ26 ya Kichina. Jaribu ya asili kwanza. Koo la PZ26 ni pana kuliko la CG nyingi za zamani, na koo pana hupunguza mwendo wa hewa injini ikizunguka polepole. Matokeo yake ni kukohoa pale unapotaka nguvu ya chini ili kuanza kupanda. Ya asili ibadilishwe tu kama silaidi yake inachezacheza hadi hewa inapita pembeni.

Kuhusu esansi yenyewe: ukinunua ya chupa kwa kadhafi, muuzaji wa esansi wa barabarani, usiitie moja kwa moja. Jaza chupa safi ya plastiki, iache isimame usiku. Maji yatakaa chini kwa mstari unaoonekana. Mimina sehemu ya juu tu, kupitia kitambaa kisichotoa nyuzi, na kati ya tangi na kabureta weka filta ndogo ya plastiki unayoweza kuona ndani.

Cheche

CG za kwanza zina platini (vidole vya chuma vinavyokata umeme ili cheche itoke) na umeme wa volti 6, za baadaye zina CDI (kifaa cha elektroniki kinachofanya kazi hiyo) na volti 12. Fungua kifuniko cha kushoto uone. Platini zilizolala miaka tisa zimefunikwa na ukungu usiopitisha umeme. Pitisha msasa mwembamba sana, kisha futa kwa karatasi yenye esansi. Zikiwa zimefunguka kabisa, nafasi iwe milimita 0.3 hadi 0.4. Kwenye gurudumu la sumaku kuna alama ya F, na platini zianze kufunguka pale alama hiyo inapokutana na mstari wa kesi. Buji mpya, NGK D8EA, nafasi 0.6 hadi 0.7. Usibakie na ya zamani kwa sababu "inatoa cheche nje". Ndani ya silinda hewa imebanwa, na cheche hafifu haiwezi kuruka.

Kabla ya kuwasha, pima valvu injini ikiwa baridi: alama ya T ilingane na mstari, valvu zote mbili ziwe zimefungwa, nafasi milimita 0.08. Ikibana kuliko hapo, valvu ya kutoa itaungua. Ikiwa wazi zaidi utasikia tik-tik kichwani, sauti ambayo wengi huichukulia kuwa ugonjwa ingawa CG yenye afya nayo husikika kidogo.

Ikiwaka, moshi mweupe wa mchanganyiko uliomimina utaujaza ua mzima kwa dakika kadhaa. Majirani watavumilia. Moshi wa samawati unaoendelea baada ya nusu saa ya mwendo ndio wa kuuliza: ukitoka unapoongeza mafuta, ni segma; ukitoka unaporudisha mafuta kwenye mteremko kisha unaongeza tena, ni mipira ya shina za valvu.

Hewa ya Bukavu

Ziwa Kivu lenyewe liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na mji unapanda kutoka hapo. Hewa yetu ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya pwani. Mambo mawili hufuata. La kwanza: fundi akipima mgandamizo wa silinda na kukuta namba iko chini kuliko ya kitabu kwa kiasi hicho, injini si mgonjwa. Kitabu kiliandikwa kwa usawa wa bahari. Wapo waliochongewa silinda nzima kwa sababu ya hesabu hiyo.

La pili: kabureta iliyopimwa kiwandani kwa hewa nzito itatoa esansi nyingi mno hapa. Injini inakuwa nzito, inakunywa, buji inajaa masizi. Soma namba iliyopigwa kwenye jikleri kubwa, kisha shuka hatua moja: kama ni 98 weka 95, na ikibaki nzito, 92. Usishuke hatua tatu kwa mkupuo. Panda mlima mrefu kwa nguvu nyingi na buji mpya, kisha palepale juu bana klachi, zima injini, simama, utoe buji. Masizi meusi makavu: bado ni nyingi. Kahawia hafifu: baki hapo. Nyeupe inayong'aa: umeshuka mno, rudi hatua moja kabla pistoni haijatoboka, maana esansi chache huchoma injini kuliko esansi nyingi.

Skrubu ya silensi nayo ina ujanja wake. Ikiwa iko upande wa filta ya hewa, inapima hewa: ukiikaza ndani, esansi huzidi. Ikiwa iko upande wa injini, inapima mchanganyiko: ukiilegeza nje, esansi huzidi. Anza na mzunguko mmoja na nusu kutoka mwisho, injini ikiwa na joto, tafuta pale inapozunguka kwa kasi na utulivu zaidi, kisha ushushe silensi kwa skrubu nyingine.

Breki, na kushuka kutoka Kadutu

Injini ya kupanda utaipata. Kinachoua watu ni kushuka. CG ina breki za dramu mbele na nyuma, ndogo, na miaka tisa ya unyevu imezipaka kutu. Toa magurudumu yote mawili. Pedi zilizong'aa kama kioo zipitishe msasa hadi ziwe kavu na zisizong'aa. Zenye nyufa au zinazobanduka kwenye chuma, tupa. Kipande kikibanduka safarini hujikunja ndani ya dramu na kufunga gurudumu. Kamu ndogo inayozitanua itolewe, isafishwe, ipakwe grisi kidogo sana, isifike kwenye pedi. Kebo ya mbele nunua mpya hata kama ya zamani inaonekana nzima, kwa kuwa nyuzi hukatikia ndani ya ala, pale jicho halifiki. Mkono wa breki uwe na mchezo wa sentimita mbili hadi tatu kabla haujaanza kushika.

Barabarani, shuka na gia ileile ambayo ungepandia, mara nyingi ya pili, injini iwake na ikuzuie. Wapo wanaozima injini kwenye mteremko ili kubana esansi. Kwa dramu za CG ni hatari, zitapata joto, mkono utalainika, na hutakuwa na kitu kingine cha kukushika. Ukisikia harufu ya kuungua, simama na uache zipoe zenyewe. Usimwagie maji, dramu hupasuka au kupinda.

Kama utabeba mtu mara kwa mara, badilisha sproketi ndogo ya mbele kwa yenye jino moja pungufu. Kutoka meno 15 hadi 14 unapata nguvu ya kuvuta zaidi kwa takriban asilimia 7 na kupoteza kasi kiasi hichohicho, ambayo kwenye njia ya Kavumu huihitaji. Cheni ni ya 428, nayo iwe na mchezo wa kama sentimita mbili katikati, ipimwe ukiwa umezungusha gurudumu na kupata mahali panapobana zaidi.

Tairi za miaka tisa zitoke, hata kama zina meno. Tarehe iko ubavuni, tarakimu nne: 1215 ni wiki ya 12 ya mwaka 2015. Mpira uliokauka huteleza kwenye lami yenye maji hata ukiwa na meno mazuri. Ukiwa peke yako, mbele bar 1.75, nyuma 2.0. Mtu akipanda, nyuma iongezwe.

Umeme sitauongelea sana. Kama yako ni ya volti 6, betri yake ya asili ni shida kuipata, lakini betri ndogo zilizofungwa za volti 6 na Ah 4, zinazotumika kwenye mizani za dukani na taa za dharura, huingia vizuri. Taa kubwa ya hizi za zamani hupata umeme moja kwa moja kutoka dinamo, hivyo hufifia injini ikienda polepole. Usibadilishe dinamo kwa ajili hiyo, epuka tu safari za usiku.

Mengine yote, kromu, rangi, kiti cha Papa kilichopasuka, yasubiri hadi pikipiki itembee mwezi mzima. Rangi mpya juu ya injini itakayofunguliwa tena ni pesa mbili.

Ukiwa umeweka segma au pistoni mpya, kilomita 500 za kwanza usiilazimishe kupanda kwa gia ya juu huku ikitetemeka. Shusha gia mapema, iache izunguke, badilisha mwendo mara kwa mara, usikae kasi moja hadi Kavumu. Pumzisha baada ya kila mlima mrefu. Oili imwagwe kwenye kilomita 100, tena kwenye 500, baada ya hapo kila 1,500. Kila mara, pitisha sumaku ya spika mbovu ya redio kwenye oili iliyotoka. Vumbi la kijivu laini kwenye sumaku ni la kawaida kwa vyuma vipya vinavyozoeana. Vipande vyenye ncha, vya kushikika kwa vidole, ni jino la gia au beringi. Hapo usiwashe tena, fungua.